Sebule Aliyoichora Mama

Nyumba yetu ya Kinondoni ilichorwa na mama kwenye daftari la hesabu, jioni akishamaliza kusahihisha kazi za wanafunzi wake. Majirani walijenga nyumba za ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, tayari kwa wapangaji. Mama hakutaka. Alitaka sebule moja pana, sakafu ya terazo, dirisha la vioo vya luva toka ukuta hadi ukuta, na upande wa baraza matofali ya matundu ili upepo upite. Mafundi walimcheka. Baadaye watu walitoka hata Msasani kuja kuitazama, na baba, aliyekuwa ofisa wa serikali, aliwatembeza utadhani kalamu ilikuwa yake.

Baba akapanda cheo, tukahamia nyumba ya serikali, yetu ikapangishwa. Haukupita muda viongozi wakakatazwa kuwa na nyumba za kupangisha. Angeweza kuiuza, au kuturudisha tuishi humo. Alitaka vyote viwili, cheo na kodi ya nyumba, basi akatafuta jina la kuiandikia.

"Niandike mie," mama alisema.

"Mke wa kiongozi naye anahesabiwa."

"Basi waandike watoto."

"Hawa wadogo hivi? Namwandika mdogo wangu. Yule ni damu yangu."

Yangu ilikuwa ya rangi gani, sijui.

Baba alifariki ghafla. Nyumba ya serikali tukatakiwa kuiacha, mama akafunga mizigo tukarudi Kinondoni. Tulikuta baba mdogo ameigawa sebule kwa hadibodi ikawa vyumba vinne, kila kimoja na mpangaji wake. Matundu ya ukutani yalikuwa yamezibwa kwa saruji. Mama alitua mzigo mlangoni.

"Shemeji, hati ina jina langu," baba mdogo alisema kwa upole, ule upole unaokera kuliko matusi. "Lakini wewe si mtu baki. Kuna chumba kinaachwa mwisho wa mwezi."

Kushtaki kulikuwa ni kutangaza kwamba marehemu aliidanganya serikali. Mama hakuwa tayari kwa aibu hiyo, akakichukua chumba. Tulikaa wanne ndani ya robo ya sebule yake. Ubao uliligawa dirisha katikati, na mkono wa kufungulia vioo ukabaki kwa jirani, kwa hiyo tukitaka hewa tulimgongea.

Siku moja mpangaji mpya, dada aliyefanya kazi kiwandani, alikuwa akipiga deki mbele ya mlango wetu.

"Shikamoo mama. Sakafu nzuri hii, mtaa mzima sijaiona. Hivi nyumba hii aliichora nani?"

Mama alikuwa akichambua mchele. Nilingoja amwambie.

"Marahaba. Mwenye nyumba," alijibu, akaendelea kuchambua.

Baba nilikuwa nimemchukia siku nyingi. Siku ile nilimchukia na mama.