Sikio la Kushoto la Khairunisa

Khairunisa alitambua kwamba sikio lake la kushoto limeanza kuzima siku aliyokuwa akivaa viatu mlangoni, simu ikalia juu ya rafu kushoto kwake, naye akageuka kulia kuitafuta. Fairuz, mwenzake wa chumba, alidhani anafanya mzaha, akacheka. Khairunisa naye akacheka, akaichukua simu, akatoka kwenda kazini.

Hiyo ilikuwa mwezi wa tatu. Kufikia mwezi wa kumi na moja alikuwa ameshajifunza kuishi kwa upande mmoja. Kwenye basi la wafanyakazi linalowachukua Al Barsha, mtaa wa Dubai, alfajiri alikaa dirishani, mkono wa kushoto, ili mwenye kumsemesha awe kulia kwake. Mezani alichagua pembe. Mtu akisema neno lisimfikie, alitabasamu na kuitikia kwa kichwa, na mara nyingi ilitosha. Fairuz peke yake ndiye aliyemwuliza mara moja kama masikio yake ni mazima. Alimjibu kwamba ni uchovu.

Kazi yenyewe ilikuwa kufundisha wanawake kulenga shabaha kwa bastola, katika uwanja wa wazi nje ya mji, kwenye njia ya kwenda Al Ain. Ulikuwa uwanja wa mchanga mtupu: paa refu la bati, meza kumi na mbili zilizotenganishwa kwa mbao, na mbele yake tuta kubwa la mchanga la kumeza risasi. Khairunisa alikuwa mwenyeji wa Malindi. Huko Kenya alitumikia miaka tisa kama askari jela, na kila mwaka kwenye mashindano ya kulenga aliwashinda wanaume wa kikosi chake. Wakati ule vizibo vya masikio vilikuwa vichache, na wakubwa ndio waliovivaa. Hilo hakulifikiria hata siku moja mpaka lilipomrudia.

Dubai alikuja kwanza kusimama kwenye mlango wa duka la dhahabu, amevaa sare isiyomkaa. Alisimama hapo miaka miwili. Uwanja ulipotafuta mwalimu wa kike kwa ajili ya asubuhi za wanawake, yeye ndiye aliyepata, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke kwao alijiona mtu mwenye ujuzi. Wanawake walimpenda kwa sababu hakupaza sauti wala hakumdhihaki anayetetemeka. Masharti yake yalikuwa machache na hayakuwa na msamaha. Bastola yoyote ihesabiwe kuwa imejaa, hata kama umeifungua mwenyewe sasa hivi. Mtutu utazame tuta siku zote. Kidole kikae nje ya triga mpaka macho yawe kwenye shabaha. Na likitajwa neno "Stop", basi khalas, hakuna anayemaliza alichokuwa akifanya. Neno hilo mtu yeyote uwanjani alikuwa na ruhusa ya kulisema, hata anayeleta chai.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Bi Ashwaq, mjane wa miaka sitini na moja, mkaazi wa Mirdif. Wazee wake walitoka Unguja kabla yeye hajatimiza miaka miwili, lakini Kiunguja chake kilikuwa kizuri kama cha mtu aliyeondoka jana. Alianza kuja uwanjani baada ya kumaliza eda. Marehemu mumewe alikuwa na mazoea ya kuja hapo na marafiki zake, na yeye alikuwa akibaki garini na kitabu. Alimwambia Khairunisa kwamba alitaka kujua kulikuwa na nini ndani. Akajua, na akakipenda. Kila Jumanne saa tatu dereva alimteremsha mlangoni, na baada ya mazoezi alikaa na Khairunisa kivulini, wakala vitumbua alivyovipika mwenyewe, wakazungumza habari za watoto. Alimwita Khairunisa mwanangu. Khairunisa, ambaye mama yake alikwishafariki, hakulichukulia neno hilo kirahisi.

Jumanne iliyoleta balaa ilikuwa na upepo. Mchanga ulipita chini chini kwenye sakafu, na shabaha za karatasi zilikuwa zikipigapiga. Siku hiyo Khairunisa alitaka kumfundisha Bi Ashwaq la kufanya bastola inapogoma. Njia yake ni ya zamani: mwalimu anachanganya kwenye magazini risasi za kweli na za plastiki zisizo na baruti, na mwanafunzi hajui ipi itafuata. Ikija ya plastiki, bastola inatoa mlio mdogo wa chuma na kunyamaza. Hapo mwanafunzi anagonga kitako cha magazini, anavuta slaidi, kile chuma cha juu ya bastola, ili risasi mbovu itoke na nyingine iingie, kisha analenga upya. Gonga, vuta, lenga. Bi Ashwaq alilishika somo upesi, akawa anafurahi kama mtu aliyejua kufungua mlango uliokuwa ukimsumbua.

Kawaida Khairunisa husimama kushoto kwa mwanafunzi, sikio lake zima likielekea bastola. Akiulizwa husema kwamba upande huo anakiona vizuri kidole gumba. Lakini asubuhi hiyo meza ya kushoto alikuwapo Kenneth na mteja wake, na nafasi ilikuwa finyu, kwa hiyo akasimama kulia. Kenneth alikuwa mwalimu mwenzake, mtu wa Voi, aliyewahi kuwa mwanajeshi. Wao wawili ndio waliokuwa Wakenya peke yao pale, na walitunzana.

Bi Ashwaq alifyatua mara mbili, zikalia. Ya tatu ikawa kimya. Hicho ndicho Khairunisa alichokisikia, kimya, akajua ni ya plastiki. Bi Ashwaq akagonga, akavuta, ganda likaruka likapotelea kwenye maganda mengine mchangani. Akainua bastola kulenga. Khairunisa akamwitikia kwa kichwa kwamba endelea.

Alichokiona baada ya hapo ni mkono wa Kenneth ukitokea meza ya kushoto na kumshika Bi Ashwaq kifundo cha mkono. Kenneth alikuwa na kinywa wazi. Khairunisa alimgeukia, na hapo ndipo sauti ilipomfikia.

"Stop. Bi Ashwaq, toa kidole. Toa kidole kabisa."

Bi Ashwaq alikwisha kukitoa. Alikuwa amelisikia neno mara ya kwanza liliposemwa, na ile ilikuwa ya tatu. Kenneth akaichukua bastola bila kuugeuza mtutu, akatoa magazini, akafungua chemba, kisha akachukua kijiti cha kusafishia na kukishusha ndani ya mtutu. Kiliingia hadi katikati kikagota. Risasi ilikuwa imenasa humo. Haikuwa ya plastiki; ilikuwa ya kweli iliyotoka kiwandani na baruti kidogo mno, ikasukumwa nusu ya njia tu. Sauti yake, Kenneth alieleza, ilikuwa kama mtu kufungua chupa ya soda chumba cha pili. Risasi ya nyuma yake ingefyatuliwa, mtutu ungepasuka mikononi mwa Bi Ashwaq, mbele ya uso wake.

Bi Ashwaq aliomba maji. Khairunisa alikwenda kuyaleta, na kule kwenye pipa la maji alijaza gilasi ikafurika mara mbili kabla hajaiondoa.

Mchana Kenneth alimfuata stoo. Alisimama kwanza upande wa kushoto, akasema jambo, akamtazama usoni, kisha akazunguka akasimama kulia.

"Tangu lini, Khairu?"

Hakumficha. Kenneth alifuta mikono yake kwa kitambaa, ingawa haikuwa na uchafu. Mwisho akasema kwamba ripoti ameshaiandika. Ameandika kwamba wao wawili waligundua pamoja na wote wawili walisimamisha mazoezi. Kamera za pale hazinasi sauti. Akamtaka aende kwa daktari kimya kimya, atafute dawa, na wasilizungumze tena. Khairunisa alimshukuru. Alikuwa na binti kwao, Hilwa, aliyekuwa kidato cha tatu. Bila kazi hii kibali chake cha kukaa kingekwisha, na mwanamke wa miaka thelathini na tisa mwenye sikio moja hakujua angelipeleka wapi.

Kesho yake msimamizi wa uwanja, sir Tamim, aliwakusanya wafanyakazi wote kabla ya kufungua. Aliwataja Kenneth na Khairunisa kwa majina, akasema hivyo ndivyo mwalimu anavyotakiwa kuwa, macho na masikio wazi. Watu wakapiga makofi. Sanduku zima la risasi likarudishwa kwa muuzaji. Khairunisa alisimama pale akitabasamu tabasamu lake la kuitikia asichokisikia, ila safari hii alikuwa amesikia kila neno.

Siku zilizofuata alifundisha kama mtu anayetembea juu ya vigae vyenye maji. Aliwapunguzia wanafunzi mwendo, akawa anawasimamisha baada ya kila risasi kukagua shabaha kama ina tundu jipya. Wanafunzi walichoka, mmoja akalalamika. Kwenda kwa daktari hakwenda, kwa kuwa daktari angeandika. Alipofika nyumbani alioga na kulala bila kula, na Fairuz alipomwuliza kulikoni, alisema kichwa kinamwuma, nacho kweli kilikuwa kinamwuma.

Jumanne ikafika. Bi Ashwaq alishuka garini na sinia lililofunikwa kwa kitambaa cha kudarizi. Hakuelekea kwenye meza za kulengea. Alimwita Khairunisa kivulini akamkalisha. Ndani ya sinia kulikuwa na halua na mkate wa kumimina. Alisema wiki nzima hakulala vizuri, akikumbuka namna macho yake yalivyokuwa karibu na ile bastola. Kenneth alishamshukuru siku ile ile, na baadaye sir Tamim alimpigia simu akamweleza kwamba Khairunisa aligundua pamoja naye. Amewasimulia wanawe, na mkubwa ametaka kuja kumshukuru Khairunisa mwenyewe.

"Mungu akuhifadhi, mwanangu. Ningekuwa kipofu leo, au sipo."

Khairunisa aliliangalia lile sinia. Alikuwa amejiandaa kwa mengi, kwa kufukuzwa, kwa kushtakiwa, kwa aibu. Kushukuriwa hakujiandaa nako.

"Bi Ashwaq, si mimi. Mimi sikusikia. Nilikwambia uendelee."

Akamweleza yote, tangu siku ya simu kwenye rafu. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuruka mambo, lakini hakubakisha kitu. Bi Ashwaq alimsikiliza mikono yake ikiwa juu ya mapaja. Alipomaliza, mama yule aliuliza swali moja.

"Na ungenambia lini?"

Bi Ashwaq alikaa kidogo, kisha akainuka, akajifunga vizuri ushungi wake, akaelekea garini. Sinia aliliacha. Khairunisa alilitazama gari likizunguka na kutoka getini, akachukua kile kitambaa cha kudarizi akakikunja vizuri, kisha akaenda moja kwa moja kubisha mlango wa sir Tamim.

Sir Tamim hakumfokea. Ingekuwa nafuu kama angemfokea. Alimwuliza kwa Kiingereza cha taratibu nani mwingine alijua, na Khairunisa, aliyekuwa amekuja kujisema yeye tu, akaona kwamba ripoti iko mezani na ina saini ya Kenneth. Alijaribu kusema Kenneth hakuwa na makosa, kwamba yeye ndiye aliyeokoa. Sir Tamim alisema kuokoa ni kweli, na uongo pia ni kweli.

Kliniki walimpima kwa mashine. Sikio la kushoto lilikuwa limekwenda, halikuwa na dawa, na la kulia lilikuwa limeanza kulifuata kwa sauti nyembamba. Daktari alisema ni mlio wa bunduki wa miaka mingi. Akamkataza kabisa kukaa kwenye mlio mwingine. Siku ile ile jina lake liliondolewa kwenye ratiba ya uwanja.

Hawakumrudisha kwao. Sir Tamim alimweka darasani, chumba kidogo kando ya mapokezi, awape wageni masharti ya usalama kwa bastola ya plastiki ya bluu kabla hawajaenda uwanjani kwa walimu wengine. Alimwambia ni kwa miezi miwili iliyobaki ya mkataba, baadaye wataona, inshallah. Wageni humwuliza yeye mwenyewe hulenga vipi. Huwajibu kwamba siku hizi hafanyi mazoezi.

Bi Ashwaq alirudi baada ya wiki tatu. Alipita mapokezi, akamwona, akamsalimu, akamwuliza hali ya Hilwa. Aliongea polepole, akiwa amesimama upande wa kulia. Kisha akaenda kwa mwalimu mpya. Hawakukaa kivulini, na Khairunisa hakulitazamia hilo. Alimrudishia kitambaa chake, kimefuliwa na kupigwa pasi, naye akakipokea.

Kenneth alipewa barua ya onyo. Kwa siku nyingi alipita mlango wa darasa bila kugeuza shingo. Khairunisa alimwomba radhi mara mbili, mara ya kwanza kwa ujumbe wa simu, ya pili uso kwa uso kwenye basi, na mara zote mbili hakupata neno. Halafu mchana mmoja, kwenye chumba cha chakula, Kenneth alivuta kiti akaketi mbele yake na sahani yake ya wali. Alikula nusu kabla ya kusema.

"Onyo la pili ni tiketi ya kwenda nyumbani, Khairu. Watoto wangu watatu."

Khairunisa alisema anajua. Alisema pia kwamba lau ingekuwa leo, angemwambia kwanza yeye kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote. Lakini angekwenda. Kenneth akarudi kwenye sahani yake. Hakusema amemsamehe. Aliendelea kula pale pale alipokuwa, wala hakuhamia meza nyingine, hadi kengele ya mchana ilipolia na yeye akamgusa mkono kumjulisha.