Jina Shingoni mwa Joka

Fundi Onem hakuwa na makalio ya kukaa. Ukimpa kigoda, alikula uji wake wa shayiri kwa kusimama, bakuli mkononi, jicho mlangoni. Kando zote za ziwa Mälar walimjua kwa mambo mawili: hakuna aliyechonga joka zuri kumshinda, na hakuna aliyewahi kumwona akingoja rangi ya jiwe lake ikauke. Akimaliza kupaka ile nyekundu, huyo, ameshaingia msituni. Watu walicheka, wakasema mafundi wote wana vichaa vyao. Kumbe ilikuwa hofu tupu. Fundi Onem, mwenye mawe kumi na mawili ya kumbukumbu yaliyosimama kando ya njia, hakujua kusoma hata herufi moja.

Aliyaandikaje, basi? Alijifunza kazi kwa Vigmar, mchonga mawe hodari na mtu mwenye kisirani. Majoka alimwachia Onem, lakini runi, zile herufi zinazopita ndani ya mwili wa joka toka kichwani hadi mkiani, Vigmar alizichora mwenyewe kwa mkaa, na mwanafunzi akazifuata kwa tindo. Jina Onem, kwa lugha ya kwao, ni la mtu mgumu kufundishika, na Vigmar aliliamini jina kuliko mwenye jina. "Wewe chonga nilipochora," alikuwa akimwambia. "Hicho kichwa chako ni cha kuvalia kofia tu."

Baridi moja Vigmar akafa kwa homa, akaacha nyundo, tindo, na jiwe ambalo wenyewe walikuwa wameshaliagiza. Onem alikuwa na njaa. Akachonga joka zuri ajabu, akalijaza alama alizozikumbuka, hii hapa, ile pale, kama mtu anayemwagia kuku njegere. Wenye jiwe wakakusanyika, bia ikamiminwa, naye akapitisha kidole juu ya joka akikariri maneno ambayo kila mtu wa kule anayajua kwa moyo: fulani na fulani wamesimamisha jiwe hili kumkumbuka baba yao, Mungu aisaidie roho yake. Wakalia. Katika mashamba yale ya msituni hakuna aliyejua kusoma. Hivyo ndivyo alivyopata kazi na kupoteza usingizi.

Jiwe la kumi na mbili lilikuwa la Gillaug. Huyu alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, Karse, aliyepanda meli kwenda mashariki, nchi ya Gardarike, asirudi. Maiti haikuletwa, kaburi halikuwapo. Mama alipata jiwe tu, pale penye daraja, chini ya shamba lake. Siku ya kulisimamisha, watu wakiwa kwenye bia, alimfuata Onem akamshika shati.

"Fundi, jina lake liko wapi?"

"Mama, si nimeshasoma?"

"Umesoma yote. Mimi nataka lake. Nionyeshe nilishike."

Kijasho chembamba kilimtoka. Akakichukua kidole cha yule mama, akakiweka shingoni mwa joka, juu ya alama tano. "Hili hapa." Gillaug akazipapasa moja moja, taratibu, kama anayemtafuta mtoto chawa. Onem hakuweza kutazama. Aliondoka kabla bia haijaisha.

Miaka mitatu alizunguka na kile kidole kichwani mwake. Aliacha kukubali kazi yoyote ya jiwe la kumbukumbu. Akijaribu kushika tindo, nyundo ilimponyoka. Siku za mwizi ni arobaini, nazo zilimfikia sokoni Sigtuna, aliposikia wavuvi wawili wakibishana.

"Mwambie huyo mke mpya wa ndugu yako apunguze maringo!" alisema mmoja. "Hapiti jiwe bila kulisoma, kama anaamkia watu."

"Ingtora? Kwao kisiwani Selaö ndivyo walivyo. Pale darajani kwa Gillaug alisimama mpaka ng'ombe wakatutangulia nyumbani."

Onem aliacha samaki wake mezani, hakuonja hata mmoja. Usiulize alikwenda wapi kwanza. Alikimbia, ndiyo, alivuka ziwa, akatembea siku mbili kuelekea kusini, akilaani miguu yake. Siku ya tatu aligeuka. Nadhani alichoka kujikimbia, maana hata huko alikokwenda alijikuta mwenyewe.

Alimkuta Ingtora uani akisukasuka maziwa kupata siagi. Mwanamke mfupi, mwenye mikono ya kazi na macho yasiyopepesa.

"Wewe ndiye mwenye majoka," alisema, hata kabla ya salamu.

"Dada, umemwambia Gillaug?"

"Hajaniuliza. Akiniuliza nitamwambia. Mimi sisemi uongo kwa ajili ya mwanamume nisiyemjua."

"Basi nifundishe."

Ingtora aliacha mchi wa siagi. Alimtazama toka kofia hadi viatu, kisha akaangua kicheko. "Yaani hujui kweli? Nilidhani ulikuwa mlevi! Bwana wewe, ni alama kumi na sita tu. Kwetu watoto wanazichonga kwenye vijiko vyao ili wasiibiane."

Kumi na sita. Onem aliketi chini, kwa mara ya kwanza pengine tangu Vigmar azikwe. Ujana wake wote alidhani ni mia, ni elfu, ni kitu cha vichwa vingine. Alijifunza kwa siku tisa, akizichonga kwenye vijiti vya kuni, na kila kijiti alichokosea Ingtora alikitia chini ya chungu cha uji bila huruma. Siku ya kumi alisoma bila kukwama ubao wa mlango wao. Uliandikwa: Futa miguu. Akalia kama mtoto.

Asubuhi yake alikwenda kwa Gillaug. Hakuhitaji kumtafuta, alikuwa pale darajani, ndoo ya maziwa chini, mkono shingoni mwa joka. Rangi ya mahali pale ilikuwa imeisha kabisa, jiwe likang'aa kama mpini wa jembe la zamani.

"Mama," alisema Onem, "nimekuja kukwambia jambo."

"Najua jambo lako." Hakugeuka. "Ingtora alipita hapa, akasoma, akanyamaza. Mtu hasomi jina la mwanangu kisha akanyamaza. Angesema, huyu Karse ni nani? Angesema, pole."

"Mama, nilikuwa na njaa, na..."

Kofi lilimpata kabla hajamaliza. Kofi la mkamua ng'ombe si la mchezo. Kofia ilianguka mtoni ikaenda zake.

"Miaka mitatu!" alisema Gillaug. "Mvua, theluji, nakuja kumbembeleza nani hapa? Jibu! Nani?"

"Sikujua kusoma, mama," alisema Onem. "Ingtora amenifundisha."

"Sasa umejua kusoma?"

"Najua."

"Haya. Nisomee nilichokuwa nikikishika."

"Si neno, mama. Halina maana."

"Soma!"

Akainama. Akazifuata zile alama tano zilizolainika, shavu likimuwaka.

"Ublub," alisema.

"Nini?"

"Ublub. Ndivyo ilivyoandikwa. Nisamehe."

Gillaug alirudisha kidole kwenye zile alama. Mto ulipita chini ya daraja. Kisha mdomo wake ukaanza kutetemeka, na Onem akadhani anacheka, halafu akajua hacheki.

"Rudia."

"Ublub."

"Ndivyo alivyokuwa akisema," alisema yule mama, "uji ukiwa mdomoni. Kabla hajajua kusema. Anautema wote, halafu ananitazama: ublub."

Onem akatoa tindo. "Nitazifuta, mama, niweke jina."

"Thubutu uone! Jina lake la mtu mzima liandike hapa chini, wapita njia walisome. Hili la juu ni langu."

Alichonga mpaka jua lilipokaa juu ya vichwa vyao. Karse. Herufi tano, kila moja akiitamka kwanza kwa sauti ili mama asikie. Alipomaliza kupaka nyekundu aliketi kwenye nyasi, mikono chini ya mapaja, miguu ikimcheza. Safari hii alikusudia kungoja.

"Unakaa nini?" aliuliza Gillaug.

"Nangoja rangi ikauke, mama."

"Umechonga mengine mangapi namna hii?"

"Kumi na moja."

Gillaug aliokota mfuko wa vyombo vya fundi, akamtupia kifuani.

"Rangi nitaingoja mimi. Wewe nenda. Kuna mama mwingine huko anashikashika jiwe."