Pikapu Tuliyoiposa Kibeta

Enzi zetu, wenzangu mliozaliwa kabla simu hazijaingia mifukoni, gari halikununuliwa. Gari liliposwa. Najua mtanibishia, lakini watu wa kijiji chetu cha Buganguzi wa rika langu watanitetea, maana walikuwepo, na baadhi yao walisukuma.

Haya yote yamenirudia kwa sababu ya Evodius, mtoto wa kaka yangu. Miezi michache iliyopita alinunua gari akiwa amelala kwenye kochi langu, mguu mmoja juu ya mwingine, kidole gumba kikipanda na kushuka kwenye simu. Nikamuuliza anafanya nini. "Nanunua gari, Shangazi," akajibu, bila hata kuinua macho. Nikadhani ananitania. Chai yangu haijapoa akaniambia tayari, limelipiwa, linasubiri meli. Hajaligusa. Hajalipiga teke la tairi. Hata salamu hakumpa aliyemuuzia. Nikanywa chai yangu, lakini moyoni nilisikitika kweli.

Tulipokuwa wadogo, magari tuliyoyafahamu vizuri ni yale tuliyoyaunda wenyewe kwa vigogo vya migomba. Gurudumu lilikuwa kipande cha kigogo, usukani kijiti, na injini ilikuwa midomo yetu. Aliyeng'oka meno ya mbele alipewa cheo cha lori kwa sababu mlio wake ulikuwa mzito na wenye mate. Mimi nilikuwa basi la Muleba hadi Bukoba, na nilikuwa mkali, sikupakia mtu asiye na nauli ya majani ya mbuni. Wakati wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, mabasi yote yalisimama, madereva tukakaa kibarazani kunyonyoa mabawa hadi vidole vinate, na kesho yake darasa zima linanuka senene pamoja na mwalimu. Watoto wa leo wanakula chipsi, halafu wanasema nyumbani hakuna cha kufanya.

Gari la kweli tulilipata kwa sababu ya bibi yangu, mama yake Baba. Miguu ilikuwa imemchoka, na kanisa letu lilikuwa juu ya kilima ambacho hata mbuzi walikipanda kwa kunung'unika. Mara ya mwisho Baba alimpakia kwenye baiskeli, ikammwaga kwenye shamba la kahawa la watu. Bibi akainuka, akajikung'uta, akasema, "Mimi si mkungu wa ndizi. Sitapandishwa tena huko." Na kweli hakupanda. Kila Jumapili alivaa, akakaa mlangoni na rozari yake, akasikiliza kengele kutoka mbali. Kilichomuuma zaidi ni jirani yetu Ma Paskazia, ambaye mwanawe alikuwa na gari lenye moshi mwingi na kelele nyingi. Kila likipita, Ma Paskazia alitoa mkono dirishani akampungia Bibi taratibu, kama anafukuza nzi.

Basi mwaka ule, mavuno ya kahawa yalipokuwa mazuri, Baba akiwa amekaa na wenzake kwenye kibuyu cha lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, akasimama na kutamka mbele ya kijiji kizima: "Krismasi hii mama yangu ataingia kanisani kwa gari la nyumba hii!" Mama, aliyekuwa jikoni, alidondosha mwiko. Mhaya akishasema kitu mbele ya watu, hakuna tena mlango wa nyuma. Bibi alikwenda kutoa gauni lake la harusi za wajukuu akalianika juani.

Shida ilikuwa moja. Baba hakujua kupatana bei. Alikuwa mtu ambaye akienda kununua chumvi anamshukuru muuzaji na kumwongezea. Kwa hiyo akamtafuta Ta Byabato, binamu yake mkubwa, mshenga wa kijiji, aliyeposa wake wa nusu ya wanaume wa Buganguzi bila kushindwa hata mara moja. Hakuna aliyefikiri kwamba Ta Byabato alijua kupatana kitu kimoja tu maishani mwake, nacho kilikuwa wanawali.

Tukasikia huko Kibeta, pale Bukoba mjini, kuna mganga msaidizi mstaafu, Mzee Ishengoma, anauza pikapu ya kijani. Tukaondoka alfajiri: Baba na hela za kahawa kwenye mkebe, Ta Byabato na koti lake la posa, na mimi. Mimi nilichukuliwa kama msomi wa msafara, nikasome maandishi ya kwenye gari. Nilikuwa darasa la nne, na nilijisikia nshomile hasa, msomi wa kujisifu.

Tulimkuta Mzee Ishengoma amesimama kando ya pikapu yake na kitambaa mkononi, tayari kutaja bei. Ta Byabato akampita yeye na gari, hakulitazama hata kwa kope. Akaenda moja kwa moja kibarazani. "Mwasibota, waitu," akasalimu kwa Kihaya. Tukakaribishwa, tukakaa. Tukapewa kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama ilivyo desturi. Tukaulizana habari za migomba, za ng'ombe, za wagonjwa na za marehemu. Baba alikuwa anatoka jasho. Mwisho Ta Byabato akakohoa, akasema kwa sauti ile iliyokuwa imeozesha watu wengi:

"Waitu, sisi ni wapita njia. Tumepita hapa tukaona nyumba hii ina binti mzuri, yule wa kijani pale nje. Tukaona tusipite bila kubisha hodi."

Mzee Ishengoma akakikunjakunja kitambaa chake. Nikadhani atatufukuza. Kumbe mzee yule alikuwa amejaliwa watoto sita, wote wa kiume. Mahari alikuwa amelipa mara nyingi hadi akaota mvi. Kupokea hakuwahi hata siku moja. Sura yake ikabadilika pale pale. Akaweka kitambaa chini, akavuta kiti, akakaa wima, akaita kwa nguvu, "Mama Deo! Njoo, tuna wageni wa heshima! Wamekuja kumposa mwanao!" Mkewe akatoka, akatuangalia, akaangalia pikapu, akaingia ndani kujifunga kitenge kizuri.

"Binti yangu amelelewa," akaanza mzee, akijishika kifua. "Hajalala nje hata mara moja."

"Anakula sana?" akauliza Ta Byabato. Alimaanisha petroli.

"Kidogo tu, kama ndege."

"Ana ugonjwa wowote wa ukoo?"

"Asubuhi anakohoa kidogo. Akishapata joto anatulia."

"Na alishawahi kuolewa?"

Hapo mzee akajikuna shingo. Akakiri kwamba aliolewa kwanza na mfanyabiashara mmoja wa Muleba, wakaachana kwa amani. Ta Byabato akajiegemeza nyuma, akashusha pumzi ya masikitiko makubwa. "Mtalaka," akasema polepole. "Na sisi kule nyumbani tumeaga kwamba tunakwenda kwa mwali." Nilimwona Mzee Ishengoma anashusha bei kwa macho kabla hajafungua mdomo. Lakini na yeye si mtoto. Akatupiga faini kwa kuchelewa, mkewe akadai kanga ya mama, na shangazi mmoja ambaye hatukujua katokea wapi akadai blanketi. Wakavutana hadi ndizi za mchana zikaiva, zikaliwa, vyombo vikaoshwa. Mwisho wakakubaliana mkebe wa hela kama ulivyo, mbuzi mmoja na kibuyu cha lubisi. Baba alikuwa karibu kulia kwa furaha.

Sasa akataka kufungua boneti, aone injini. Ta Byabato akampiga kofi mkononi. "Wewe! Unamfunua mtoto wa watu mbele ya wazazi wake?" Baba akaomba basi liwashwe tu, asikie. Ta Byabato akamwinamia, akamnong'oneza kwa ukali, "Hujafunga ndoa." Mimi niliyaona matairi, yalikuwa laini kama kipara cha padre wetu, lakini nani angemsikiliza mtoto katika mambo ya posa? Hela zikahesabiwa, mikono ikashikwa, vigelegele vikapigwa.

Ndipo likajaribiwa kuwashwa, likakataa.

"Ana aibu," akasema Mzee Ishengoma bila kutetereka. "Binti gani anatoka kwao bila kulia?" Wanawe wakalisukuma kwenye mteremko, majirani wakashangilia, na kweli likakohoa, likapiga chafya ya moshi, likanguruma. Mzee akashika usukani mwenyewe, maana mzazi humsindikiza mwanawe, na akakaa kwetu wiki nzima akimfundisha Baba kuendesha kati ya migomba. Migomba kadhaa ilianguka. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akalitazama lile gari la kijani, akasema, "Kwa hiyo nimeletewa mke mwenza." Kuanzia siku ile aliliita hivyo, na akigombana na Baba alimwambia akalale huko huko kwa mke mdogo.

Krismasi ikakaribia, na pikapu ikagoma kabisa. Fundi kutoka Muleba akasema kuna kifaa kimekufa, kiagizwe Mwanza. Baba akakosa usingizi, akakosa na hamu ya kula. Ma Paskazia alipita akauliza kwa upole sana kama tunahitaji lifti. Hapo Ta Byabato, ambaye mtu angetegemea ajifiche, akafanya kile anachofanya kila mshenga bibi harusi anaposumbua. Akatuma ujumbe kwa utingo wa basi: mwambieni mkwe wetu wa Kibeta, binti yake amegoma, aje tusuluhishe.

Asubuhi ya Krismasi hakukuwa na jibu. Bibi alikwishavaa, ameketi kiti cha mbele cha pikapu tangu jua linachomoza, pochi mapajani, anatazama mbele. Alikataa kushuka hata kunywa chai. Baba alikuwa analizunguka gari na shati lake jeupe, na mimi nikamwonea huruma mpaka nikalia. Kengele ya kwanza ikapigwa.

Tukasikia lori. Nyuma ya lori wamesimama Mzee Ishengoma na wanawe wote sita, wamevaa suti za Krismasi. Mzee akashuka na wanawe, lori likaendelea na safari yake, naye akafungua boneti, maana yeye ni baba, anaruhusiwa. Akasikiliza, akafunga. "Leo hawezi kutembea," akasema. "Lakini hataniaibisha mbele ya wakwe zangu." Akaketi kwenye usukani kando ya Bibi. Wale vijana wakavua makoti, wakakunja mikono ya mashati, wakaegemea nyuma ya pikapu pamoja na Baba.

Walilipandisha kilima chote. Mimi kazi yangu ilikuwa jiwe: wakipumzika, naweka jiwe nyuma ya tairi, wakianza, nalibeba nawafuata. Vumbi, jasho, miguno, na Bibi huko mbele ametulia, anapungia watu kwa mkono wenye glavu. Mwanamke wa heshima hageuki nyuma. Tukafika mlango wa kanisa kengele ya mwisho ikilia, na gari la akina Ma Paskazia likafika likitetemeka na kufuka moshi. Bibi akateremshwa. Akaliangalia lile gari la jirani kwa huruma, akasema kwa sauti ya kusikika hadi altareni, "Paskazia, gari lenu linaumwa? La kwetu ni tulivu kabisa."

Kifaa cha Mwanza alikileta Mzee Ishengoma mwenyewe, wala hakutaka kulipwa. Alisema mzazi hamwachi mwanawe mgonjwa kwa wakwe. Pikapu ile ilibeba ndizi zetu miaka mingi, ikikohoa kila asubuhi kama tulivyoambiwa. Na wale vijana sita tukawaita wajomba. Walikuja kila Krismasi. Kwenye harusi yangu walikula kwa upande wa mama, na mama yangu mzazi hakuweza kuwazuia.

Bibi alinifichulia siku zake za mwisho, akiwa kitandani, akicheka mpaka akakohoa. "Unadhani sikuwasikia?" akasema. "Gari gani linalia 'maawe!' kama mtu kila likikuta jiwe?" Alipofariki, wajomba walifika kabla hatujamaliza kuwapa watu habari. Wakaomba wao wabebe jeneza. "Njia tunaijua," akasema Mjomba Deo, "na uzito wake tunaujua." Sijawahi kulia na kucheka kwa pamoja kama siku ile.

Gari la Evodius lilifika wiki iliyopita. Zuri kweli, linang'aa, linaongea lenyewe kwa sauti ya mwanamke mwenye dharau. Jumapili akataka kunipeleka kanisani kwetu Buganguzi, nikapige picha. Katikati ya kilima kile kile likazima. Akabonyeza hiki, akabonyeza kile. Akampigia aliyemuuzia, namba haipatikani. Akampigia tena, haipatikani. Nikamuuliza, "Anaitwa nani huyo mkweo?" Akapekua simu yake. Hakujua.

Nikatoa simu yangu nikapiga Kibeta. Mjomba Deo sasa ni mzee mwenye mvi na bawasiri ya kuendesha malori, lakini alifika na wanawe wawili. Hakuuliza gari ni la nani. Wakavua makoti. Evodius akashika usukani, uso umemshuka kwa aibu, na nyuma nikasikia "maawe!" ya kwanza.

Nami nikaketi mbele, nikaweka pochi mapajani, nikatoa mkono dirishani, nikaanza kupungia watu.