Mwikali Alivyopotea Redioni

Kwa muda mrefu nilisema kosa ni la redio yake. Haikuwa redio. Ni mimi.

Nilipochanganya sauti za kanda ya kwaya yetu ninayoifundisha hapa Machakos, nilitaka sauti ya Mwikali, anayetuongoza nyimbo, ijae kutoka ukuta hadi ukuta. Basi mawimbi ya sauti yake upande mmoja wa stirio nikayageuza kinyume. Kwenye spika zangu mbili ilikuwa raha tupu. Lakini redio ya kaseti ya kwao Muthetheni, alikoichezea kanda hiyo, ina spika moja. Humo pande mbili zilikutana, zikafutana. Magitaa yakabaki, Mwikali hayupo.

"Umenitoa ndio dada yako aongoze," akasema, akaacha kwaya.

Nami nikalaumu betri zake, kwa ujasiri wa mjinga. Hatimaye nikasikiliza kwa spika moja, jambo nililopaswa kufanya kabla ya yote, nikaona aibu peke yangu. Nikarekebisha, nikamtumia kanda nyingine.

Jana simu ililia. Nikasikia redio, na Mwikali akiimba juu ya magitaa yote.

"Kumbe ni wewe ulinifuta?" akauliza mwenyewe.

"Ni mimi. Sikukusudia."

"Na hiyo digrii yako yote ya muziki!" Akacheka. "Haya mwalimu, mazoezi ni saa ngapi?"