Kivuko cha Mama Justa

Bwana Ambakisye, ofisa wa serikali kutoka Mbeya, alimwamkia Mama Justa shikamoo. Mama alikuwa anatazama kibao kipya, kipana kama mlango, kilichosimikwa ukingoni mwa Ruvuma: KIVUKO, kwa rangi nyeupe. Sisi wa ukingoni tuliahidiwa viongozi wa kuwasikiliza watu. Huyu alileta brashi.

Kwa miaka minane, tangu vita ya Msumbiji ianze, mama huyu alikuwa akivusha wakimbizi. Kila alfajiri aliingia majini na fimbo ndefu, akapima mchanga hatua kwa hatua, akachomeka matete palipopitika. Jioni aliyang'oa, Wareno wasije wakayafuata. Mchanga wa Ruvuma huhama. Jana maji ya magotini, leo shimo. Watu wa ng'ambo walijua: hakuna matete, usiingie. Na sasa huko ng'ambo alikuwako Justa, mwanawe, aliyetuma habari kwamba anakuja na watoto wawili. Akikiona kibao, akakiamini?

Mama Justa alikikumbatia akaking'oa, mgambo wawili wakimtazama. Ambakisye akamwambia hiyo ni mali ya serikali, na kwamba jina lake limo katika orodha ya kuhamia kijiji cha ujamaa huko juu Makote, lori linangoja. Tena yeye Ambakisye amesoma Kiswahili chuoni: kivuko ni mahali pa kuvukia, na mahali hapahami.

"Neno hilo limezaliwa na kuvuka," alisema Mama Justa. "Aliyelizaa alilowa kwanza. Wewe mkavu una kibao tu. Haya baba, vuka."

Mgambo mmoja alicheka puani. Ambakisye akavua viatu, akakunja suruali, akaingia. Hatua ya tano mchanga ulimkimbia, maji yakamfika kidevuni. Mama Justa alimwacha anywe mafunda mawili ndipo akamnyooshea fimbo.

Ambakisye alitoka amelowa. Hakushukuru, aliamuru vyombo vya mama vipakiwe. Wakati kinu na sufuria vinarushwa ndani ya lori, mwenyewe alikuwa tayari majini, kiunoni, akipima. Hakuna mgambo aliyethubutu kumfuata. Lori likapanda Makote na vyombo bila mwenyewe.

Kibao alikipasua, akakiwasha, akaota moto siku mbili.

Siku ya tatu asubuhi Justa alisimama ng'ambo, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi. Akatafuta matete. Akayaona, akaingia.