Waya wa aibu katika gereji ya Mama Kanyere

Saa moja na nusu asubuhi, mtaa wa Ngezi, Bunia, mashariki mwa Kongo. Kanyere Angélique anaingia kwenye uwanja wake wa gereji na kitambaa cheupe begani, anaweka kiganja juu ya boneti ya gari moja la taksi, na anakiondoa haraka. Boneti ni ya moto.

"Nani aliwasha hii gari?"

Mwenye gari, Dominique, mwenye miaka hamsini na sita, anatabasamu kama mtu anayengoja asante. "Ni miye, Mama Kanyere. Nilikuja mapema, nikaichemusha kidogo, juu usipoteze wakati."

Kanyere anaketi juu ya tairi kuukuu na kufumba macho. Gari hilo limelala hapa usiku kucha kwa sababu moja tu: alitaka kuona injini ikiwashwa ingali baridi, kwa kuwa moshi wa kwanza wa asubuhi ndio unaosema mengi. Jana alilieleza jambo hilo mara tatu.

"Watu ya Bunia wanakupatia gari," analalamika, "lakini hawakupatii nafasi ya kuiangalia."

Kanyere, mwenye miaka arobaini na mitatu, amezoea oili tangu utotoni. Baba yake alikuwa na mashine ya kusaga mahindi huko Butembo, na yeye ndiye aliyetumwa kupima oili kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Alihamia Bunia miaka kumi na mitano iliyopita. Wiki nzuri humwachia dola arobaini akishalipa kodi ya uwanja. Wiki mbaya, anasema, humwachia kichwa kinachouma.

Na hii imeanza vibaya. Gari la Dominique lina miaka ishirini na saba na hubeba abiria wa Kpandroma, kupanda na kushuka milima. Linakunywa oili, lita nzima kila safari mbili, na juu ya hayo taa nyekundu ya presha ya oili huwaka njiani. Mafundi wawili wa mjini wamemwambia injini imekufa, atafute nyingine. Ili aipate, ameamua kuuza ng'ombe wake wawili, ndio wa mwisho aliobaki nao kutoka kundi la baba yake. Mnunuzi anangoja simu yake saa sita mchana.

"Zile ngombe ndiyo maziwa ya wajukuu," anasema Dominique. "Lakini bila gari tutakula nini?"

Kanyere anaingiza kichwa ndani ya gari aitazame hiyo taa. Haioni. Mahali pake pamebandikwa karatasi ya kwaya, yenye maneno: Mungu Anaona.

"Papa Dominique, taa iko wapi?"

"Iko pale chini."

"Chini ya Mungu?"

Dominique anajikuna shingo. Anaeleza kwamba kwenye njia ya Kpandroma abiria wawili hukaa mbele pamoja na dereva, na siku hizi wote wanaijua taa hiyo. Ikiwaka tu, wanashuka, wanadai nauli yao, wanapanda gari la nyuma. "Ma-passager wanaogopa bure. Siye wote tunaibandika."

Hapo ndipo Kanyere anapochomoa kijiti cha kupimia oili, anaipekecha kati ya vidole viwili na kuinusa. Ni nzito, nyeusi, inanata. "Hii ni huile ya moulin."

Ni kweli. Dominique alishauriwa kwamba oili ya mashine ya kusaga, kwa kuwa ni nzito, hainyweki ovyo. Sasa hununua ya kupimiwa kwenye chupa sokoni. Tangu aanze, taa imezidi kuwaka, na ndiyo maana akaifunika. Mtu mzima, mwenye akili zake, na bado alifanya hivyo.

Kwenye ukuta wa gereji kuna waya mrefu uliotundikwa vyuma vilivyokufa: pistoni iliyotoboka, valvu iliyopinda, vibati vya mhimili wa injini, ambavyo oili ikikosekana huharibika kwanza, vilivyoyeyuka katika gari la dereva aliyesema taa nyekundu ni ya urembo. Wateja wanauita waya wa aibu. Kila chuma kina mwenyewe na kosa lake, na Kanyere humsimulia kila mteja bila kuombwa. Leo Dominique anasimuliwa vyote.

Kisha kazi inaanza. "Kunywa huile ni ugonjwa moja, presha ni ingine," anasema fundi. "Wale mafundi wanachanganya, halafu wanakuambia ununue moteur."

Anaanza na ule wa kwanza. Anapima nguvu ya mgandamizo katika silinda zote nne, na zinakaribiana. Ringi za pistoni ni nzima. Halafu anaendesha gari mwenyewe, anashuka nalo kilima bila kukanyaga mafuta, na kule chini anakanyaga kwa nguvu. Wingu la samawati linamfunika muuza makaa aliyekuwa ameketi zake kwa amani. Jibu limepatikana: ni vile vimpira vidogo vya valvu, vimekauka, vinaacha oili idondoke ndani. Hubadilishwa bila kushusha injini.

Inabaki presha, na sasa ni saa nne. Kanyere anafungua swichi ya taa na kufunga pale manometa yake ya kupimia presha, anayoirudisha nyumbani kila jioni kwa kuogopa wezi. Dominique anawasha na kukanyaga taratibu. Mshale unapanda. Anakanyaga zaidi, na mshale, badala ya kuendelea, unashuka.

"Rudia," anasema Kanyere. Unashuka tena.

"Injini yenye kuchoka, ukikanyaga, mushale unapanda. Hii inashuka. Huile haifike kwa pampu."

Anamtazama Dominique na kumgombeza dakika kumi nzima: oili ya moulin, taa iliyofunikwa, injini iliyochemshwa. Mzee wa watu anainamisha kichwa. Muuza makaa, aliyepanda kilima kuja kulalamikia moshi, anageuka na kurudi alikotoka.

Saa tano na robo bakuli la oili, lililofungwa chini ya injini, linafunguliwa na kushushwa. Kanyere anamulika chujio la pampu kwa simu. Limeziba, na kilicholiziba si oili nzito peke yake. Ni nyuzi laini za kijivu, ndefu kama tambi. Silikoni, gundi ya kuzibia mivujo.

Miezi minane iliyopita bakuli hilo lilikuwa linavuja. Wiki hiyo gasketi yake haikupatikana Bunia nzima, na Dominique alikuwa na abiria. Fundi aliyeliziba alipaka silikoni, akaongeza nyingine ili awe na hakika. Iliyozidi ilifinyikia ndani, ikakatika. Fundi huyo ni Kanyere.

Dominique yuko barabarani, simu mkononi. Nyuzi hizo zingeingia mfukoni na asingejua kamwe. Kanyere anamtazama mwandishi wa makala haya, aliye hapa tangu asubuhi, anatazama chujio, kisha anaita.

"Papa Dominique, kuja uone. Hii ni kazi yangu. Ni miye nilitia silicone mingi."

Dominique anavuta uzi mmoja kutoka kwenye chujio. "Asubuhi yote ulinigombeza."

"Ndiyo."

"Mbele ya journaliste."

"Ndiyo. Na weye uko na makosa yako. Lakini hii ni yangu, na sitakulipisha."

"Injini je?"

Kanyere anafungua vibati viwili vya mhimili wa injini na kuvipitishia ukucha. Vina mikwaruzo, lakini bado vinafaa. "Haikufa. Usiuze ngombe."

Zimebaki dakika tisa kufika saa sita. Dominique anapiga simu, anamwambia mnunuzi asije, na anakata kabla hajaulizwa sababu. Kisha anageukia ukuta, anajifuta macho kwa mkono wa shati.

Alasiri, kukiwa na chujio safi na oili inayostahili, mshale unapanda na unabaki juu. Vimpira vya valvu vitafungwa kesho. Kanyere anasema mpango wake ni kuagiza gasketi Kampala, akiba ya kutosha, na kuanzia leo hafungi bakuli bila gasketi, hata mteja akilia.

Dominique anabandua karatasi ya kwaya na kuihamishia kwenye kioo cha nyuma. Kanyere naye anazifunga zile nyuzi za kijivu kwenye waya wa aibu, mbele kabisa, karibu na mlango.

"Watu wakikuja," Dominique anamuuliza, "na hii utawasimulia?"

"Nitaanza nayo," anajibu fundi, akinyoosha mkono apewe funguo. "Gari italala hapa tena. Na kesho usiichemushe."