Karatasi Mbele ya Midomo ya Mama

Mtafiti wa lugha huja kwetu kila Jumanne. Huvua viatu mlangoni, kisha humshikia mama kipande cha karatasi mbele ya midomo. Anachunguza jinsi lugha zinavyoambukizana sauti, na mama ndiye pekee aliyebaki na ile sauti ya zamani inayovutwa ndani kooni. Ikitoka sawasawa, karatasi haitikisiki. Mimi nimeishi na mama miaka arobaini na sikuipata. Mtafiti naye huijaribu kwa bidii, akipuliza kama mtu anayepoza uji, na mama, asije akamwaibisha mgeni, akaanza kupuliza pia. Sasa ni mwaka wa pili, na karatasi inapepea kwa kila neno la mama.

Juzi mtafiti alimwekea mama rekodi ya sauti yake mwenyewe ya siku ya kwanza, labda atakumbuka. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa.

“Huyu bibi ndiye anayeijua lugha,” akasema. “Achana na mimi, mwanangu, kamhoji yeye. Anakaa wapi?”

Mtafiti aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni polepole.

“Alihama, mama.”